Marafiki wa bendi wakutane tena kiangazi: mahali, tiketi, michango na masikio

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio. Mwishoni mwa miaka ya 1990, nikiwa chuoni, niliipenda Dave Matthews Band, bendi ya roki ya Marekani, na kwenye foleni za maonyesho yake nikapata marafiki 5 ambao mpaka leo tunaandikiana. Sasa tuna kati ya miaka 45 na 52. Mmoja yuko Toronto, wengine wametawanyika Marekani. Mmoja goti linamsumbua, mwingine anataka kuja na mumewe ambaye bendi haijui. Kila mwaka tunasema kiangazi kijacho tutaenda pamoja, na kila mwaka mpango unavunjika. Tuanzie wapi?

Jibu: Dada, salaam. Mipango ya makundi kama lenu huvunjika hasa kwa sababu watu husubiri ratiba ya bendi itoke ndipo waanze kuulizana nani anaweza kwenda. Dave Matthews Band kwa kawaida hutangaza ziara ya kiangazi mwezi Januari, na maombi ya tiketi kwa wanachama wa klabu ya mashabiki hufunguliwa hapo hapo na kufungwa baada ya siku chache. Siku hizo hazitoshi watu 7 kuomba ruhusa kazini, kuzungumza na watu wa nyumbani na kupiga hesabu ya mfuko. Ratiba ikitoka iwakute mmeshakubaliana, kilichobaki kiwe kuchagua tarehe tu.

Kwa hiyo anzeni Novemba. Pangeni simu moja ya pamoja, mteue mweka hazina, kisha muamue mambo 3: mnataka usiku mmoja, 2 au 3; mtalala hoteli au kwenye mahema; na kila mtu anaweza kutoa kiasi gani bila kuumia. Hili la fedha lisisemwe kwenye kundi la WhatsApp. Kila mtu amwandikie mweka hazina peke yake. Aliyepungukiwa hatajitangaza mbele ya wenzake. Atakubali kila kitu, kisha ikifika Juni atapotea. Mweka hazina akishapata namba zote, mpango ujengwe juu ya namba ya chini kabisa. Wastani unadanganya, kwa sababu wenye uwezo huupandisha, na yule mmoja unamuacha nje.

Mahali

Kwa mtu wa Columbus mna njia 3 za kweli.

Ya karibu ni Blossom Music Center, Cuyahoga Falls, kilomita 200 hivi kutoka kwako. Uwanja huu ulifunguliwa 1968 uwe makao ya kiangazi ya okestra ya Cleveland, na una banda kubwa lenye viti chini ya paa na mteremko wa nyasi nyuma yake. Unakwenda na kurudi usiku huo huo ukitaka, na hapo ndipo udhaifu wake. Bendi ikipita hapo mara nyingi hupiga usiku mmoja tu. Mtu atoke Toronto au Atlanta, afike saa 10 jioni akiwa hoi, mkae pamoja saa 6, kesho yake asubuhi aondoke. Marafiki ambao hawajaonana miaka mingi hawatoshelezwi na saa 6, tena saa karibu 3 za hizo hamwezi kuzungumza.

Ya kati, ambayo ndiyo ningewashauri, ni Ruoff Music Center huko Noblesville, kaskazini ya Indianapolis. Ni mwendo wa saa 3 hivi kwa gari kutoka Columbus. Unaingiza watu takriban 24,000, wengi wao nyasini. Wakongwe wa bendi hii bado wanauita Deer Creek, jina lake la zamani. Kwa miaka mingi bendi imekuwa ikipiga hapo usiku 2 mfululizo, Ijumaa na Jumamosi. Usiku 2 unawapa Jumamosi nzima ya mchana isiyo na ratiba, na mchana huo ndio mnaosafiria. Tena bendi hii hubadilisha orodha ya nyimbo kila siku. Wanaokwenda usiku wa pili hawaendi kurudia walichokisikia jana.

Ya mbali ni The Gorge, jimbo la Washington, kwenye ukingo wa bonde la mto Columbia karibu na kijiji cha George, kilomita 240 hivi mashariki ya Seattle. Kwa mashabiki wengi wa bendi hii hapo ndipo kilele cha mwaka: usiku 3, Ijumaa hadi Jumapili, wikendi inayoishia na sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, yaani Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kwa kuwa tarehe inajulikana mapema, likizo mnaweza kuiomba hata kabla ya tangazo. Ndege msilipie mpaka tangazo litoke.

The Gorge ni pazuri mno, lakini pana masharti. Hapana paa hata kidogo. Watazamaji wanaelekea magharibi, jukwaa likiwa mbele yao na bonde nyuma ya jukwaa, kwa hiyo bendi ya utangulizi mtaitazama jua likiwa machoni. Mwanzoni mwa Septemba linazama karibu saa 1 na dakika 40 za usiku. Kofia yenye ukingo na miwani ya jua ni lazima. Mchana joto huweza kupita nyuzi 30, na usiku likashuka hadi 10 na kitu, kwa hiyo koti liingie kwenye begi hata kama mchana mnatiririkwa jasho. Ni msimu wa moto wa misitu pia, moshi hufika ingawa moto uko mbali. Mwenye pumu abebe dawa yake na barakoa ya N95. Halafu kuna mwili wenyewe. Saa ya huko iko nyuma ya Ohio kwa saa 3. Onyesho likiisha saa 5 usiku, kwa mwili wako ni saa 8 usiku. Mkifika Ijumaa mchana mkitokea uwanja wa ndege, usiku wa kwanza nusu yenu mtausinzia. Fikeni Seattle Alhamisi.

Wengi hulala kwenye kambi ya uwanja huo huo. Ruhusa ya kambi inauzwa mbali na tiketi za onyesho, kwa gari, na magari hupangwa kadiri yanavyoingia. Maana yake, wanaotaka kupiga mahema pamoja lazima waingie getini pamoja, gari nyuma ya gari. Hili ndilo linalowatenga watu kuliko jingine lolote: gari moja linatangulia kwa nusu saa, na siku 3 mnakuwa mmetengana kwa kilomita nzima ya mahema. Kutaneni Ellensburg, mji ulio njiani kutoka Seattle, mjazie mafuta, mnunue maji na barafu, mwende haja, kisha mwingie kwa msafara. Anayechelewa mnamsubiri hapo Ellensburg, msimsubirie getini.

Ardhi ya hapo ni kavu na upepo wa jioni una nguvu. Vigingi vyembamba vinavyokuja na hema la bei rahisi hupinda; nunueni vya chuma vya sentimita 25 au 30, na nyundo. Turubai la kivuli lililosimamishwa kwa miguu 4 ndilo linaloruka zaidi, kwa sababu watu huliacha wima wanapokwenda kwenye onyesho, na upepo unaamka wakati kambini hakuna mtu. Kabla ya kuondoka, kunja miguu yake hadi chini kabisa na ufunge kila pembe kwenye kigingi au kwenye gurudumu la gari. Jumapili usiku msiondoke. Foleni ya magari ni ndefu, dereva ana usingizi na barabara ni ya giza. Laleni, muondoke Jumatatu asubuhi.

Mwenye goti bovu atapata tabu huko. Kutoka kambini hadi getini ni mwendo mrefu, na uwanja wenyewe ni mteremko mkali. Hiyo ni sababu nyingine ya kuipa Noblesville nafasi ya kwanza mwaka huu, halafu The Gorge iwe ya mwaka unaofuata, mkishajua kundi lenu linasafiri vipi.

Tiketi

Klabu ya mashabiki wa bendi inaitwa Warehouse. Ina ada ya mwaka, na faida yake kubwa ni kwamba maombi ya tiketi si mbio: unapeleka ombi wakati wowote ndani ya muda uliotangazwa, kisha tiketi hugawiwa. Viti vizuri huenda kwa wanachama wa miaka mingi. Kwa hiyo kabla ya Januari ulizaneni nani kati yenu amekuwa mwanachama muda mrefu zaidi bila kukatiza, na yeye ndiye aombe. Kila mwanachama ana kikomo cha idadi ya tiketi, na maombi ya wanachama 2 tofauti hayana uhakika wa kuwekwa pamoja. Mkiwa 7 mtagawanyika kwa vyovyote. Bora mgawanyiko huo muupange wenyewe.

Upangeni hivi. Msitafute viti 7 kwenye safu moja. Haviuzwi kirahisi, na hata mkivipata, aliye mwisho huku hamsikii aliye mwisho kule. Viti 4 safu moja na 3 safu ya nyuma yake vinazungumzika zaidi, na kwenye mauzo ya kawaida hupatikana kwa akaunti 2 zilizoingia wakati mmoja, wenye akaunti wakiwa kwenye simu wanasomeana namba za safu. Ikishindikana, chukueni wote tiketi za nyasini. Nyasini hakuna namba, na kundi zima linakaa kwenye mkeka mmoja. Wanne chini ya paa na watatu nyasini ni uamuzi mbaya kuliko yote, maana hamtaonana mpaka maegeshoni.

Mkichagua viti vya banda, tafuteni sehemu iliyo usawa wa meza ya mafundi wa sauti. Hapo ndipo fundi anasimama, na anachokirekebisha ni kile kinachofika masikioni mwake. Viti vya mbele kabisa pembeni vinakupa sura ya mpiga besi na sauti ya spika moja. Safu za mwisho chini ya paa zinaonekana salama, lakini mvua ya upepo inawafikia walioko hapo kama ilivyo nje.

Mengine kuhusu kununua. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inamtaka muuzaji wa tiketi aonyeshe bei kamili, ada zikiwemo, tangu mwanzo. Linganisheni bei hizo kamili, na ukurasa unaokuongezea ada mwishoni ukimbieni. Akaunti ya Ticketmaster, tovuti ya kuuza tiketi, ifunguliwe na kadi iingizwe siku kadhaa kabla. Tiketi nyingi za sasa ziko kwenye simu, na mistari yake inayosomwa na mashine getini hubadilika kila sekunde chache. Picha ya skrini getini haifanyi kazi, na anayekuuzia picha hiyo ni tapeli. Mnunuzi ahamishe kila tiketi kwenye akaunti ya mwenyewe mara inaporuhusiwa, na kila mtu aihifadhi kwenye pochi ya simu yake akiwa bado hotelini. Getini watu elfu kadhaa wanavuta mtandao mmoja, na programu haifunguki.

Mkikosa, msikimbilie walanguzi siku ya kwanza. Bei zao huwa juu mwanzoni kwa sababu ya hofu ya wanunuzi. Mashabiki wa bendi hii huuziana kwa bei ya asili, wengi kupitia tovuti ya CashorTrade, na tiketi nyingi hutoka wiki ya mwisho kabla ya onyesho, watu wanapougua au kunyimwa ruhusa. Kundi la watu 7 haliwezi kutegemea hilo, ila mtu mmoja aliyechelewa kujiunga anaweza.

Kuhusu rafiki wa goti: kama ngazi hazimudu, mnunulieni kiti cha watu wenye ulemavu. Sheria ya Marekani hairuhusu muuzaji kumdai cheti cha daktari, na mnunuzi anaruhusiwa kuongeza hadi viti 3 vya wenzake kando yake kama vipo. Wanne wenu basi wanakaa pamoja bila kupanda ngazi. Viti hivyo ni vichache, kwa hiyo aombe mapema, na asiombe ikiwa ngazi anaziweza.

Michango

Endesheni kama chama. Tuseme aliye chini kabisa amesema dola 900. Toeni asilimia 10 ya dharura, zinabaki 810. Sasa jumlisheni kwa mtu mmoja: tiketi za usiku mnaoutaka na ada zake, usafiri, sehemu yake ya chumba, maegesho, chakula. The Gorge kwa ndege ikizidi 810, jibu mnalo tayari na hakuna wa kulaumiwa. Kama wenye uwezo wanataka kumwongezea mwenzao, wafanye hivyo kupitia mweka hazina bila majina.

Kusanyeni kwa awamu 3: Desemba ya tiketi, Machi ya malazi, Juni ya gari na chakula. Anayenunua tiketi asitoe dola hata moja kabla ya michango ya Desemba kuingia, kwa sababu rafiki anayedai wenzake dola 1,500 miezi 6 hana furaha ya kuwaona. Wa Toronto akubaliane na mweka hazina tangu mwanzo atatuma kwa njia gani na ada ya kubadilisha fedha inabebwa na nani. Akiwa anahitaji viza kuingia Marekani, aanze nayo kabla ya tiketi.

Kanuni ya kujitoa iandikwe mapema. Inayofanya kazi ni hii: anayejitoa kabla ya tiketi kununuliwa anarudishiwa zake zote, baada ya hapo tiketi ni yake, kundi litamsaidia kuiuza kwa bei ya asili, na sehemu yake ya chumba hairudi. Inasikika kavu kati ya marafiki, lakini bila kanuni hiyo anayejitoa huona haya hata kupokea simu, na mnampoteza kwa dola 80 za hoteli.

Gari la viti 7 halibebi watu 7. Viti vya nyuma vikitumika, nafasi ya mizigo inabaki ya mabegi mawili matatu. Kodini magari 2 ya kawaida, au tumia lako na la mwenzio anayetoka karibu. Kila gari liwe na dereva mmoja ambaye usiku huo hanywi, na jina lake lijulikane tangu asubuhi.

Siku yenyewe

Viwanja vya aina hii vina kanuni za mabegi: mara nyingi begi la plastiki inayoonyesha kilicho ndani lisilozidi sentimita 30 kwa 15 kwa 30, au kipochi kidogo cha mkononi. Vingi huruhusu chupa ya maji iliyofungwa kiwandani, na vingi havipokei fedha taslimu. Viti vya kukunja vya nyumbani mara nyingi hukataliwa, na badala yake vya uwanja vinakodishwa. Someni ukurasa wa uwanja wiki ya onyesho, kwa sababu kanuni hubadilika hata kwa onyesho moja.

Maji anzeni asubuhi. Mtu anayefika getini akiwa na kiu hatajaza pengo hilo usiku huo. Juani, glasi moja kila dakika 15 hadi 20, na chakula chenye chumvi, kwa sababu maji matupu ya lita nyingi nayo yana madhara yake. Losheni ya kukinga jua, yenye kinga (SPF) 30 au zaidi, tujipake sote, hata sisi weusi; irudieni kila baada ya saa 2. Rafiki akianza kusema ovyo, kutojua alipo au kuyumba huku mwili unawaka, hiyo si pombe wala uchovu mpaka ithibitike: mwiteni mhudumu wa afya wa uwanja au 911, na mumpoze kwa maji papo hapo mnaposubiri.

Radi ya kiangazi katika majimbo ya kati ya Marekani si ya kubahatisha. Agosti 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana mjini Indianapolis, upepo wa dhoruba uliangusha muundo wa jukwaa kabla ya onyesho na watu 7 wakafa. Juni 2023 mvua ya mawe iliwajeruhi watu wengi kwenye uwanja wa maonyesho wa Red Rocks, Colorado. Uwanja ukitangaza mwende kwenye magari, nendeni wakati huo huo. Gari lenye paa la chuma ni kimbilio. Mti na turubai si kimbilio. Hesabuni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi. Mkishaegesha tu, pigeni picha namba ya safu ya maegesho, na mkubaliane mahali pa kukutania pasipohitaji simu. Mtandao ukijaa, ujumbe mfupi hupita mahali ambapo simu ya sauti haipiti.

Masikio

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wa miaka 50 waliokwenda kwenye maonyesho tangu wakiwa na 20 tayari wana deni masikioni mwao, na hulitambui mpaka uanze kuwaambia watu warudie walichosema mezani.

Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani wanahesabu hivi: sauti ya desibeli 85 sikio linaivumilia saa 8, kila ikiongezeka desibeli 3, muda huo unakatika nusu. 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Ikifika 100 zimebaki dakika 15. Onyesho la bendi hii huenda saa 2 na nusu hivi, na 100 si ajabu karibu na jukwaa. Shirika la Afya Duniani, katika viwango vyake vya 2022 kwa kumbi na matamasha, limeweka wastani wa 100 kuwa kikomo cha juu.

Nunueni plagi za masikio zenye kichujio, zile wanazovaa wanamuziki. Zinapunguza sauti kwa usawa, besi na matoazi yote yakishuka pamoja, kwa hiyo muziki unabaki muziki wenye sauti ndogo. Plagi za sponji zinakinga vizuri, ila zinakata sauti nyembamba kuliko nene, na ndiyo maana watu huzivua wakisema hawasikii maneno. Sikio lililovuliwa plagi nusu ya onyesho limekingwa kidogo sana.

Sponji nazo hukosewa uvaaji. Iviringishe kwa vidole mpaka iwe nyembamba kama njiti, bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma ili njia yake inyooke, ingiza plagi, kisha uishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 mpaka itanuke. Ukisema neno na sauti yako ikasikika nzito ndani ya kichwa, imekaa. Ikichungulia nje ya sikio, itoe uanze tena. Zijaribuni nyumbani, si gizani watu wakiwa wameanza kushangilia. Na mtu akipata mlio masikioni unaoendelea zaidi ya siku moja, amuone daktari bila kungoja.

Bendi mliyoiacha na iliyopo

Kama baadhi yenu hawajaiona tangu ujana, waambieni mapema. Mpiga saksafoni LeRoi Moore alifariki Agosti 2008. Mpiga fidla Boyd Tinsley aliondoka 2018. Waliobaki tangu mwanzo wa Charlottesville, Virginia, mwaka 1991 ni Dave Matthews mwenyewe, Carter Beauford kwenye ngoma na Stefan Lessard kwenye besi. Sasa kuna Jeff Coffin kwenye saksafoni, Rashawn Ross kwenye tarumbeta, Tim Reynolds kwenye gitaa na Buddy Strong kwenye kinanda. Sauti imejaa upulizaji zaidi, fidla haipo. Anayekuja akitafuta usiku wa 1998 atautumia wote kulinganisha. Mwezi mmoja kabla, kila mtu asikilize rekodi 2 za maonyesho ya miaka ya karibuni. Zipo nyingi, kwa kuwa bendi inaruhusu mashabiki kurekodi sauti na yenyewe imekuwa ikitoa zake. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna haja ya kushika simu juu usiku kucha.

Mazungumzo yawekeeni muda wake. Fikeni maegeshoni muda wa saa 3 kabla ya bendi kuu kuanza, na chakula, na viti. Mliyonayo ya kusimuliana, vifo, talaka, watoto waliohama, yasemeni hapo au kwenye kifungua kinywa cha Jumamosi. Mnaoyaacha mpaka onyesho lianze mtalazimika kupayuka sikioni mwa mwenzio, na walioketi mbele yenu, ambao nao wamesafiri, watakuwa na haki ya kugeuka. Wekeni pia saa 2 za mchana ambapo kila mtu yuko peke yake. Watu waliozoea kuishi na familia zao tu huchoka na kundi bila kujua, na uchovu huo hutoka kama ugomvi kuhusu mahali pa kula.

Mume wa rafiki yenu aje, lakini si usiku wote. Ijumaa iwe ya ninyi 6, yeye abaki hotelini au atembee Indianapolis. Jumamosi aingie nanyi akiwa amesikiliza walau saa moja ya rekodi njiani. Asipewe kiti katikati ya watu wanaokumbushana mambo ya 1999. Akae pembeni ya njia, mkewe kando yake, na plagi zake mfukoni. Akitaka kutoka nusu saa akanunue chakula na kunyoosha miguu, aende, na mkewe asilazimike kumfuata.